Karatasi ya Geti Namba Saba

Somoe Ismail alikuwa na siku tatu za kumwangusha Godlisten Mmari, na nusu ya siku ya kwanza ilikuwa imeshaliwa na Projestus wa masjala.

Projestus alitaka barua. Akapewa barua. Akataka barua yenye mhuri wa bluu, maana huo wa zambarau, kwa maelezo yake, ulikuwa wa mambo ya ndani. Somoe akarudi ofisini kwake ghorofa ya pili, akagonga mhuri wa bluu, akashuka tena. Hapo ndipo mzee yule wa Kihaya alipovaa miwani, akaisoma barua toka juu hadi chini kama anayesoma wosia, kisha akamwuliza kwa upole kwa nini hakuja nayo hivyo tangu asubuhi.

Somoe akaegemea kaunta, akangoja. Alikuwa amesubiri miaka kumi na saba, saa mbili za Projestus zingemfanya nini.

Kazi yake ilikuwa ukaguzi katika Ofisi ya Mdhibiti, ile inayoiangalia Reli ya Abiria ya Mzizima kwa niaba ya wanaopanda. Alianza dirishani akikata tiketi, miaka miwili. Akahamia meza ya malalamiko, miaka minne ya kusikiliza watu waliobanwa na milango na waliosahau mizigo. Mwisho akapelekwa kwenye ajali, na huko akakaa, kwa sababu hakuna mwingine aliyekuwa na roho ya kutembea relini na futi ya kupimia huku damu haijakauka. Wenzake walimwita Mama Vipimo. Hawakujua kwamba kila cheo alichokipanda alikipanda kama mtu anayepanda ngazi kumfuata nyoka aliyejificha darini.

Nyoka mwenyewe sasa alikuwa anamshukia. Jumatatu Mmari angeapishwa kuwa mwenyekiti wa Bodi ya Usalama, na Ofisi ya Mdhibiti ilikuwa chini ya bodi hiyo. Mkaguzi yeyote angelazimika kumpelekea mafaili yake. Ila kanuni ilitaka kwanza mtu apitie kazi zote alizowahi kufanya Mmari, toka alipokuwa stesheni masta kijana mpaka alipostaafu akiwa meneja wa uendeshaji, kisha aandike kama ni msafi au si msafi. Zamu ya uhakiki ikaangukia kwa Somoe. Hakuiomba. Lakini hakusema pia kwamba ana kisa na mtu huyo.

Projestus akamletea daftari la stesheni la mwaka ule. Jalada lilikuwa limeliwa na mende pembeni. Somoe akalifungua palepale kaunta, akafika ukurasa wa Septemba, siku ya kwanza ya Ramadhani ya mwaka ule, treni namba kumi na nne iliyotoka asubuhi.

Mstari ulikuwa pale, kwa mwandiko uliosimama wima kama askari. *Geti 7 limefungwa. Namba 62. Saa 12:41.*

Dakika nne baada ya saa hiyo, treni namba kumi na nne ilizikumba bajaji mbili pale Geti Namba Saba, upande wa Buguruni, geti likiwa wazi. Watu wanne walikufa. Mlinda geti, Fakihi Nandonde, Mmakonde wa Newala, alihukumiwa miaka saba kwa kusema uongo kwamba amefunga. Alifia gerezani mwaka wa tatu. Mtoto wake wa kike, aliyekuwa kidato cha pili, alichukuliwa na baba yake mdogo, Ismail, akaandikishwa shule nyingine kwa jina la Ismail, asije akachekwa.

Somoe alitoa kwenye mkoba mfuko wa nailoni. Ndani yake mlikuwa na karatasi moja iliyokunjwa mara nne, ambayo mama yake, kule Chamazi, aliikuta katika mfuko wa koti la kazi lililorudishwa toka gerezani pamoja na kandambili. Mama hakusoma. Aliihifadhi kwa sababu ilikuwa na alama za mikono ya mumewe.

Kila wiki mlinda geti alipewa karatasi kama hiyo, yenye namba zilizotawanywa bila mpango, na hakuna mwingine aliyekuwa na nakala. Stesheni masta akipiga simu anataka njia, mlinda geti anashusha vizuizi, anafunga kufuli, anarudi kwenye simu, anataja namba inayofuata kwenye karatasi, anaikata. Stesheni masta anaiandika. Bila namba, treni haiondoki. Ndiyo ilikuwa dawa ya maneno ya mdomoni.

Fakihi alikata namba zake kwa ukingo wa kibiriti, mistari imenyooka. Ya mwisho kukatwa ilikuwa 17. Iliyofuata ilikuwa 84, nzima, haijaguswa. Na kwenye karatasi yote, mbele na nyuma, hapakuwa na 62.

Mtu mwenye haraka angekimbia na hilo. Somoe hakukimbia. Alikuwa amejizoesha kufikiri kama wakili wa adui yake, na wakili huyo alimwambia papo hapo: mlinda geti aliyepitiwa na usingizi atashindwaje kutunga namba? Mteja wangu ameandika alichoambiwa. Na faili la mahakama lingemsaidia wakili huyo, kwa kuwa utetezi wa Fakihi ulikuwa wa kusikitisha. Alikubali mbele ya hakimu kwamba Mmari alimpigia simu asubuhi ile. Alipoulizwa alimpigia kusema nini, akajibu, na karani akaandika: *Alinipigia kunisalimu tu.* Hakimu aliuliza kama kweli stesheni masta, saa ya msongamano, huacha treni amsalimu mlinda geti. Watu mahakamani walicheka.

Somoe alikuwa amekaa benchi la nyuma siku ile na sare za shule. Kicheko kile alikuwa nacho hadi leo. Na ndani kabisa, mahali ambapo hakumwonyesha mtu, alikuwa na hofu kwamba baba yake alidanganya kweli, tena akadanganya vibaya.

Akanakili mstari ule, akamtaka Projestus asaini kwamba ameuona. Projestus akauliza asaini kwa wino gani.

*

Kwa miaka mingi Somoe alimweka dereva wa treni ile kwenye orodha yake, juu kidogo ya Mmari. Aliamini Daniel Sanga aliondoa treni bila ruhusa, halafu Mmari akamfunika mwenzake kwa kumtupia Mmakonde. Hivyo alipoingia Buguruni mchana ule, jua limesimama utosini na koo limekauka kwa saumu, aliingia na meno yote.

Daniel alikuwa na kibanda cha vipuri vya baiskeli nyuma ya soko. Mikono yake ilitetemeka, lakini aliunga mnyororo bila kukosea. Somoe akatoa shikamoo na kitambulisho kwa pamoja. Mzee akaitikia marahaba, akakitazama kitambulisho, akasema alijua siku moja watakuja, ila alidhani atakuja mwanaume mnene.

Somoe akamwuliza ruhusa aliipata wapi. Daniel akasema aliipata mkononi, kwa karatasi, kwenye dirisha la ofisi ya stesheni masta. Alishuka mwenyewe kwenye kichwa cha treni kuifuata, kwa sababu kijiredio kilikuwa kibovu. Ushahidi wa hilo ulikuwepo: kipande cha karatasi ya ruhusa kilibandikwa kwenye faili la polisi, na saini ya Mmari. Somoe alikuwa amekiona zamani akadhani kimetengenezwa baadaye. Sasa akakumbuka alama ya mafuta ya gari pembeni, umbo la dole gumba. Akakitazama kidole cha Daniel, cheusi kwa grisi. Miaka yote alikuwa amemchukia mtu asiyestahili.

Hakumwomba radhi. Alimwambia asimame dirishani pa kibanda kama alivyosimama siku ile.

Mzee akacheka, akasimama. Somoe akaingia ndani akakaa mahali pa Mmari, akashika kopo la boli za baiskeli sikioni badala ya simu. Wateja wawili wakageuka kutazama.

"Nionyeshe. Ulisikia nini?"

"Nilikuwa nala muhogo wa kuchoma," Daniel akasema. "Mmari akaniambia ufiche huo, wenzio leo ndiyo kwanza wameanza mwezi. Halafu akampigia Fakihi."

"Akasemaje?"

"Akasema, 'Fakihi, umefunga?' Akasikiliza. Akacheka kidogo. Akasema, 'Haya, vizuri.' Akaweka simu, akanisainia."

"Namba hakuuliza?"

"Namba?" Daniel alifikiri. "Hapana. Tulikuwa tumechelewa. Asubuhi vile walikuwaga hawaulizi, walikuwa wanajuana sauti."

"Kwa nini hukusema mahakamani?"

"Waliniuliza kitu kimoja tu, ulipewa ruhusa? Nikasema nilipewa. Wakaniambia shuka."

Somoe alimrudisha kwenye dirisha mara tatu, na mara tatu maneno yakatoka yaleyale, muhogo na kicheko na haya vizuri. Akayaandika, akamsomea, Daniel akasaini kwa herufi kubwa. Hiyo ilimwua Mmari nusu: aliachia treni bila namba, kisha akaandika namba ya uongo. Lakini nusu nyingine ilimchoma Somoe mwenyewe. Mmari aliuliza, umefunga. Na baba yake, geti likiwa wazi, alijibu nini hata mtu akasema haya, vizuri?

Alipokuwa akiondoka Daniel alimsemesha mgongoni.

"Yule Fakihi alikuwa na binti. Alikuwa akija na chakula chake getini, anasoma palepale kwenye benchi. Sijui alipotelea wapi."

"Hakupotea," Somoe akasema.

*

Nyumba ya Mmari ilikuwa Kinondoni, uani kumepandwa migomba michache ya kutuliza hamu ya Machame. Sebuleni, vitambaa vyeupe kwenye kila mgongo wa kiti, na ukutani saa kubwa ya stesheni aliyopewa siku ya kuagwa. Alikuwa amevaa shati la mikono mifupi lililopigwa pasi kama anakwenda kazini. Alimpokea Somoe vizuri mno, akamwita binti, akamwambia amesikia sifa zake na kuanzia Jumatatu watafanya kazi pamoja.

Somoe alipanga fomu zake mezani. Akamwambia utaratibu: atauliza, ataandika, atamsomea, mzee atasaini kila ukurasa. Mmari akasema huo ndio utaratibu anaoupenda, vijana wa siku hizi wanapenda kuongea tu.

Akaanza mbali. Tarehe ya kuzaliwa. Mmari akaitaja, mwezi wa tano, elfu moja mia tisa sitini na mbili. Kalamu ya Somoe ilisita kidogo kwenye hiyo sitini na mbili, ikaendelea. Akauliza kuhusu vituo alivyofanyia kazi, likizo, nidhamu. Akafika kwenye mageti, akamwomba aeleze namna ruhusa ilivyokuwa ikitolewa, kwa ajili ya kumbukumbu. Mzee akanyooka kitini. Hapo ndipo alipopapenda. Alieleza karatasi ya namba vizuri kuliko kitabu cha kanuni.

"Kwenye geti hakuna neno, binti. Kuna namba. Mtu anaweza kukuambia lolote. Namba haidanganyi."

"Uliwahi kumwuliza mlinda geti kwa maneno tu, ukaachia treni?"

"Kamwe. Miaka thelathini na mbili, kamwe."

Somoe akaandika, akamsomea. Mmari akasaini.

Hapo mkewe akaingia. Mama Noela alikuwa mwanamke mpana, mtulivu, ameshika sinia yenye jagi la juisi ya ukwaju na bilauri tatu, jasho la barafu likitiririka ubavuni mwa jagi. Alikaribisha, akamimina. Somoe akaweka kiganja juu ya bilauri yake.

Mmari akajipiga paji la uso kidogo, kwa adabu ya mwenyeji aliyejisahau.

"Samahani, binti. Umefunga?"

"Nimefunga."

Neno lilitoka lenyewe, kama lilivyotoka mara kumi tangu mwezi uandame, kwa Projestus, kwa muuza maji, kwa kila mtu. Lakini safari hii Somoe alilisikia. Alilisikia kwa sauti nyingine, ya mtu aliyekula daku saa kumi, aliyesimama kwenye kibanda cha bati saa kumi na mbili na dakika arobaini, siku ya kwanza ya mfungo, simu imelia na rafiki yake Mkristo anayemtania kila mwaka anauliza. Alinipigia kunisalimu tu. Baba hakudanganya hata herufi moja. Alijibu alichoulizwa, akaweka simu, akakaa kusubiri apigiwe tena aombwe namba.

Hakumtazama Mama Noela. Alimtazama Mmari, na akaona kwamba mzee naye amelisikia. Bilauri ilikuwa imesimama njiani kuelekea mdomoni.

"Geti lipi, mzee?" Somoe akauliza.

Mmari aliiweka bilauri mezani, nje ya kitambaa.

"Sikuelewi."

"Umeniuliza kama nimefunga, nimekujibu nimefunga. Nakuuliza ni geti lipi."

Akafungua mkoba bila haraka. Akaweka mezani maelezo ya Daniel, pembeni nakala ya mstari wa daftari, na katikati karatasi ya baba yake ndani ya nailoni. Akamwonyesha kwa ncha ya kalamu: hii 17 imekatwa, hii 84 haikukatwa, na sitini na mbili yako haipo. Akamwambia mtu anayetunga namba hutunga ile iliyo karibu naye, na hiyo ameitaja mwenyewe ukurasa wa kwanza, amesaini.

Mmari alijaribu. Alisema karatasi inaweza kuwa ya wiki nyingine. Somoe akamwonyesha tarehe. Alisema Daniel ni mlevi. Somoe akasema Daniel ni Msabato. Alisema mambo ya zamani yana wakili wake. Somoe akasema ndiyo, na wakili atataka kujua kwa nini ukurasa wa nne umesaini kamwe.

Aliyemmaliza hakuwa Somoe. Mama Noela alikuwa bado amesimama na sinia tupu kifuani.

"Baba Noela," akasema, "ndiyo maana siku ya kwanza ya Ramadhani huli? Miaka yote hii nikikuuliza unaniambia tumbo."

Mzee akainamisha kichwa. Alipoanza kusema alisema akiitazama karatasi, na Somoe alimwacha aseme mwenyewe, akiandika kila neno. Alisema walikuwa wamechelewa. Alisema aliuliza geti, moyoni mwake aliuliza geti.

"Alinijibu, 'Nimefunga, alhamdulillahi.' Nikacheka. Nikajisemea, huyu leo kaipenda kazi."

"Ulijua lini?"

Mmari akaigeuza bilauri yake mezani.

"Nimeuliza ulijua lini."

"Jioni ileile. Nilisikia adhana ya magharibi, nikaona watu wamekaa barazani na tende. Mmoja anamwuliza mwenzake, umefunga? Daftari lilikuwa mbele yangu. Nafasi ya namba ilikuwa wazi."

"Na mahakamani?"

"Nilikuwepo."

"Walipocheka?"

"Nilikuwepo, binti."

Somoe akamsukumia kalamu. Akamwambia aandike kwa mkono wake mwenyewe, asije mtu akasema karani alinyoosha maneno: aliuliza nini, alijibiwa nini, hakuuliza nini, na sitini na mbili aliiandika saa ngapi. Mmari aliandika karibu nusu saa, mwandiko uleule wa askari, ila sasa askari walikuwa wamelegea magoti. Mama Noela alisaini kama shahidi. Hakuombwa mara mbili.

Kisha Somoe akatoa barua nyingine, aliyoiandika jana yake na kuacha nafasi ya tarehe. Ilimweleza Mdhibiti kwamba mkaguzi huyu ni binti wa Fakihi Nandonde aliyemo katika faili hili na hakusema, kwa hiyo anakabidhi kila kitu kwa Eufrazia Lyimo, mkaguzi mwenzake, na yuko tayari kwa hatua za nidhamu. Alijua hatua hizo. Miaka kumi na moja ya kupanda ngazi ingeishia Jumatatu, siku ileile ya Mmari. Akaandika tarehe. Akampa mzee asome, kwa kuwa alitaka asome.

Mmari alifika kwenye jina lililopigiwa mstari, akarudi nyuma, akalisoma tena.

"Wewe ndiye uliyekuwa unakaa kwenye benchi," akasema.

"Ni mimi."

Alikusanya karatasi zake, ya baba yake akaiweka mwisho, juu. Alipofika mlangoni mzee alikuwa amemfuata, ameshika kiti kimoja hadi kingine kama asiyeona. Alisema ameishi nayo. Alisema hapajapita siku. Akalitafuta neno la kumpata nalo, na akadhani amelipata.

"Mwanangu, nisamehe. Huu si mwezi mtukufu? Wewe si umefunga?"

Somoe alikuwa anavaa viatu. Akamaliza kufunga kamba ya kushoto, akasimama.

"Nimefunga kula na kunywa, mzee," akasema. "Faili la baba sijalifunga."